Barabara ya Audace

Mwanza, 14 Septemba 2025

Dada Joselyne,

Shikamoo yangu mpelekee mama Xavérine. Wewe pokea salamu za kawaida tu, maana umenizidi miezi minne na sitaki uzoee kuamkiwa.

Nimekaa kimya tangu Pasaka, najua, na sina cha kujitetea. Leo naandika kwa sababu ya kazi ya marehemu kaka yako Audace. Wenye ule mchezo wetu wa Malori wametangaza toleo jipya. Ni mchezo uleule ambao mimi na Audace tulikuwa tukicheza saa ya chakula pale ofisini kwetu Remera, Kigali, badala ya kula, ila sasa umepigwa msasa. Mvua inalowesha barabara kweli, na taa za lori zinapenya ukungu. Huko jukwaani tunakokutana wachezaji watu wanashangilia. Na mimi nilishangilia kama nusu saa hivi, kisha nikasoma sheria.

Nikueleze kwa lugha ya kawaida. Mchezo wa zamani, kila unapoufungua, hupiga hodi kwanza kwenye kompyuta za kampuni. Tarehe 30 Novemba hodi hiyo haitaitikiwa tena, na mchezo hautafunguka kwa mtu yeyote duniani. Ule mpya nao hautapokea modi yoyote isiyopitia kwao. Modi ndiyo ile kazi ya Audace: barabara aliyoichora mwenyewe miaka minane na kuipachika ndani ya mchezo wa watu, kutoka Kigali hadi mlangoni kwenu Bwiza, Bujumbura. Wanataka kila modi iwe na mwenyewe aliyetia sahihi. Ikikubaliwa inakuwa mali yao, waiuze au waifungie kabatini. Na mwenyewe akiwa amefariki, mrithi atie sahihi na athibitishe kuwa ni mrithi.

Imeniudhi. Wametumia jasho la watu bure kwa miaka kumi na minane, mchezo ukaishi kwa sababu yetu, leo wanatuita wageni. Lakini fomu ni fomu, na mimi nimejaza fomu za forodha nusu ya maisha yangu. Niambie tu kama bado mnaitumia hiyo barabara.

Oswald


Kabeza, Kigali, 17 Septemba 2025

Kaka Oswald,

Mama amepokea shikamoo yako na amesema umekonda. Nimemwambia barua haina picha. Amesema anajua tu.

Unauliza kama tunaitumia. Sikuwahi kukueleza vizuri, labda niliona aibu. Audace alipoanza kuugua figo alinifundisha kuendesha lile lori la kwenye kompyuta, na mimi hata baiskeli siijui. Baada ya kumzika, mama hakula siku nne. Siku ya tano, Jumapili, nilifungua kompyuta ili niizime vizuri tu, akaniona. Akavuta kiti. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya misa, tunakwenda Bujumbura, Buja kama tunavyoiita.

Usifikiri amechanganyikiwa. Anajua ni kompyuta. Lakini ana miaka sabini na tisa, magoti yamekataa, na miaka kumi sasa hajaiona nyumba yake. Tunapita Huye, tunapita Kayanza, tunafika Bugarama, halafu tunaanza kuteremka na ziwa linatokea chini. Hapo huwa anasogeza kiti mbele. Tukiingia Bwiza anaanza kuniamrisha: "Enda polepole, hapa iko watoto ya Spès." Spès alikuwa jirani yetu, anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mbele ya nyumba. Audace amemweka palepale na sinia lake. Mama anamsalimia. Kisha tunasimama mbele ya geti, ninazima injini, na mama anaanza kuhadithia mambo ambayo sijawahi kuyasikia. Nimejua habari za baba yangu zaidi katika miaka hii miwili kuliko alipokuwa hai.

Siku ya Jumapili anakula vizuri. Siku nyingine ninamlazimisha. Kwa hiyo ndiyo, tunaitumia. Jaza hiyo fomu, kaka.

Kaze Joselyne


Mwanza, 2 Oktoba 2025

Dada Joselyne,

Barua yako niliisoma kazini, nikatoka nje kidogo nikarudi. Audace hakuniambia kuwa anachora ili mama apite. Aliniambia anataka kuona kama mteremko wa Bugarama unaweza kuingia kwenye mchezo bila lori kuruka hewani. Tulibishana juu ya ule mteremko miezi mitatu.

Fomu ziko tayari. Nakutumia karatasi mbili. Weka sahihi chini ya zote mbili, uende popote wanapoweza kuziskani, unirudishie. Huko juu nimeacha wazi kwa sababu Kiingereza chao ni cha wanasheria, kila neno lina mtego. Nitajaza mwenyewe kwa utulivu. Ya kwanza ndiyo ya kutuma. Ya pili ni ya akiba, wakinikosoa mahali nisikusumbue tena.

Jukwaani habari si nzuri. Kuna mzee mmoja aliyejenga madaraja ya mchezo huu miaka yote. Ameyaondoa na kuaga. Anasema mbele ya safari hakutakuwa na barabara ambayo kampuni haikuichora yenyewe na kuiuza. Mimi nadhani yuko sawa, lakini sisi hatuombi mbele ya safari. Tunaomba moja tu.

Oswald


Kabeza, 5 Oktoba 2025

Kaka Oswald,

Nimetia sahihi zote mbili. Nimeacha duka kwa jirani nikaenda kuskani hapa juu kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Yule dada wa mashine ameitazama karatasi, akaniuliza, "Unasignaje papier iko wazi?" Nimemwambia anayeijaza ni kama kaka yangu.

Leo tumekwenda Buja mapema. Mama amegundua kwamba Audace aliweka nguo zake kwenye kamba nyuma ya ua. Tumepita pale mara mia hatukuwahi kutazama huko. Ni kitenge cha njano, alikuwa nacho kweli. Amelia, lakini kulia kuzuri.

Joselyne


Mwanza, 27 Oktoba 2025

Dada Joselyne,

Wamejibu. Hawajakataa, wamekwama. Wanasema mwenye modi ni Kubwimana na anayedai urithi ni Kaze, majina ya ukoo hayafanani, hivyo hawaoni undugu. Wanataka hati ya kuzaliwa ya kila mmoja yenye majina ya wazazi, au cheti cha kanisa, chochote chenye muhuri.

Nakiri kosa ni langu. Nimekaa nanyi Kigali miaka sita na sikulifikiria. Kwetu mtoto anabeba jina la baba na la babu, apende asipende. Nimewaandikia ukurasa mzima kuwaeleza majina ya kwenu. Amejibu mtu anayeitwa "Huduma", bila jina la ukoo la kwake mwenyewe, kwamba asante kwa maelezo, tafadhali ambatisha hati.

Unazo?

Oswald


Kabeza, 30 Oktoba 2025

Kaka Oswald,

Wape na maelezo yangu. Kwetu kila mtoto anapozaliwa anapewa jina lake, kufuatana na siku hiyo na mambo yaliyokuwa yakiwasumbua wazazi. Audace aliitwa Kubwimana, yaani kwa ajili ya Mungu, kwa sababu mama alikuwa amepoteza wawili kabla yake. Mimi nikaitwa Kaze, yaani nimekaribishwa. Baba alikuwa Ntirampeba. Watu wanne mezani, majina manne, na hakuna aliyewahi kutuuliza kama sisi ni wa nyumba moja.

Hati tuliziacha. Mwaka 2015, wakati wa machafuko, tulitoka na mabegi mawili na mashini ya kushonea. Nimempigia Béatha, mtoto wa mama mdogo, aliyebaki Bujumbura. Amekwenda parokiani kuuliza vyeti vya ubatizo. Wamemwambia kwa upole kwamba aje mzazi au mbatizwa mwenyewe. Mbatizwa mmoja amekufa, mwingine ni mimi, na mimi huko siendi. Unajua kwa nini.

Mama ameniuliza kwa nini ninaongea na Béatha kila siku. Nimesema tunasalimiana.

Joselyne


Mwanza, 12 Novemba 2025

Dada Joselyne,

Nimepata njia nyingine. Ile karatasi ya pili imefaa. Kwa aina hii ya mrithi hawadai hati, inatosha tamko na sahihi. Nimetuma jana. Usinisumbue kwa maswali, mambo ya fomu niachie mimi. Wewe mwendeshe mama.

Oswald


Kabeza, 19 Novemba 2025

Kaka Oswald,

Habari njema, au nafikiri ni njema. Kampuni imeniandikia mimi mwenyewe. Nimeitia barua yao kwenye simu ikaigeuza Kifaransa. Inaanza kwa kunipa pole kwa msiba wa mume wangu, Audace.

Nimecheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Halafu nikaacha kucheka. Mke wa mtoto wa mama yangu. Kwetu neno hilo hata kwa mzaha halisemwi, ni amahano, ni jambo la kuitia nyumba balaa. Na wanaomba nijibu "ndiyo" kuwa ni kweli, ili waendelee.

Nikajua wamekosea tu, watu wa mbali, wamechanganya makaratasi. Sikutaka kukusumbua, umekwisha fanya mengi. Nimewajibu mwenyewe, kwa Kifaransa changu cha sekondari, sentensi sita. Nimesema Audace hakuwahi kuoa. Nimesema mimi ni dada yake, tumbo moja, na kwamba hapo kwenye karatasi pasahihishwe haraka kwa heshima ya mama yetu ambaye yuko hai. Nimewashukuru. Nimesoma mara tatu kabla ya kutuma.

Niambie kama nimeandika vibaya. Lakini nadhani nimeandika vizuri.

Joselyne


Mwanza, 20 Novemba 2025

Dada Joselyne,

Umefanya vizuri. Nitafuatilia.

Oswald


Kabeza, 26 Novemba 2025

Kaka Oswald,

Kimya chako kinanitia wasiwasi. Siku zimebaki nne. Kampuni nayo haijanijibu.

Jana nimeshuka Rwezamenyo kwa Niyonzima, yule fundi wa kompyuta aliyekuwa akimtengenezea Audace. Nimemuuliza kama anaweza kuufungua mchezo bila kupiga hodi. Amesema nakala za namna hiyo ziko, lakini ni za zamani sana. Ameijaribu moja mbele yangu. Lori linatoka Kigali vizuri, na kabla ya kufika Huye barabara inakwisha, lori linaanguka kwenye kitu cheupe, halafu linarudi mwanzo. Amesema Audace alijengea juu ya toleo la baadaye, na hilo bado hakuna aliyelivunja. Alijaribu mara tano. Hakutaka kunidai kitu.

Nijibu hata neno moja.

Joselyne


Mwanza, 28 Novemba 2025

Dada Joselyne,

Nimeianza barua hii mara nyingi. Naomba uisome mpaka mwisho kabla ya kuitupa.

Kampuni haikukosea. Mimi ndiye niliyeandika. Ile karatasi ya pili, juu ya sahihi yako, nilikuandika kuwa wewe ni mjane wa Audace. Mke hadaiwi jina la ukoo wala hati, anaaminiwa kwa tamko. Dada ndiye anayetiliwa shaka. Siku zilikuwa zinakwisha, nikaona ni neno moja, kwenye karatasi moja, mbele ya watu ambao hawatawahi kutuona. Huko forodhani tuliandika makubwa zaidi ya hayo na mizigo ikapita. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungekataa, na sikuwaza kwamba wangekuandikia wewe.

Ulipowajibu, ulisema kweli na ukanifunga mdomo. Ningeweza kukueleza siku ileile, ukaamua mwenyewe la kufanya. Nikaandika "umefanya vizuri". Nilikuwa najipa moyo kwamba labda aliyepokea hatasoma.

Amesoma. Jibu limekuja leo asubuhi. Tamko la uongo, maombi yamefutwa, na kwa mujibu wa sheria yao ya tisa, kazi iliyoombewa kwa uongo haipokelewi tena, na mtu yeyote, kwa hati yoyote, hata ya kweli. Nimewaandikia mara tatu kwamba mwongo ni mimi na si wewe. Huduma ananishukuru kwa maelezo. Hakuna mahali pa kukata rufaa. Nimetafuta.

Faili za Audace ninazo zote, hazijapotea. Lakini faili bila mchezo ni namba tu, dada. Ni kama noti za wimbo na hakuna chombo kilichobaki. Sitaki kukudanganya tena kwamba kuna siku.

Nimeua kitu ambacho rafiki yangu alikijenga miaka minane, na sahihi niliyotumia ni ya kwako. Naomba unisamehe, ingawa nikiwa wewe nisingesamehe.

Oswald


Kabeza, 1 Desemba 2025

Oswald,

Barua yako nimeisoma jana kabla ya misa, mpaka mwisho.

Hilo la kuniandika mke wa kaka yangu nitaliungama mimi, kwa sababu sahihi ni yangu na yule dada wa mashine alinionya. Uliwadanganya kampuni kwa ajili yetu. Hilo nalielewa. Kama ungeniuliza ningekataa, na pengine barabara ingepotea vilevile, lakini ningekuwa nimeipoteza mimi kwa kutaka.

Kinachonikaba ni yale maneno yako mawili. Umefanya vizuri. Niliyaamini. Jumapili ya tarehe 23 tulipanda lori kama kawaida. Tulipofika Bugarama, kabla ya kuanza kuteremka, wageni wakabisha mlangoni, wanakwaya wa parokia. Mama akasema tumalize kwanza. Mimi nikasema, mama, wageni wamesimama jua kali, Buja haikimbii, tutamalizia Jumapili ijayo. Nikazima. Kama ungeniambia tarehe 20, ningewaacha wale watu waungue na jua mpaka jioni. Ningempeleka mama mpaka getini, na ningekaa pale naye mpaka aseme yeye mwenyewe imetosha. Siku hiyo hata ziwa hakuliona. Hilo, Oswald, sijui nitakusamehe vipi. Nikijua nitakuandikia.

Jana ndiyo ilikuwa tarehe 30. Tumetoka misa ya pili. Amevuta kiti. Nimefungua, na palipokuwa pakitokea lori pametokea maandishi ya kampuni ya kutukaribisha tununue mpya. Nimefungua tena, nikafungua tena. Yeye amenitazama mimi, hakuitazama kompyuta.

Ningemwambia nini? Kwamba kwenye karatasi za wazungu wanawe wawili ni mume na mke? Ataondoka na hilo kwenda kaburini. Mimi niliyewaandikia kampuni sentensi sita za ukweli, jana nimemdanganya mama yangu. Nimemwambia wamefunga mpaka.

Amesema, "Hiyo ya Burundi ninajua. Iko mwaka karibu mbili sasa."

Kisha akauliza, "Hata ya Audace wamefunga?"

Nimesema ndiyo, mama. Hata ya Audace.

Amerudisha kiti ukutani mwenyewe, na mimi nimesimama tu sikumsaidia. Amesema, "Basi hatuna tena fasi ya kupita."

Kaze Joselyne